Mashua Aliyoiteka Mtani wa Baba

Siku tuliyomzika baba, mtani wake alikuja kutoka Rasbura, kule Lindi, akaiteka mashua yetu. Tulipotoka makaburini tulimkuta ameketi ndani yake, kofia ya marehemu kichwani, usukani mkononi, anatangaza kwamba yeye ndiye marehemu, kaburi amelijaribu likamshinda kwa joto, na sasa anarudi zake baharini. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Mtani akija msibani akakaa kimya, watu humshangaa, husema labda alikuwa na kinyongo na marehemu.

Kitu kikitekwa na mtani hukombolewa siku hiyohiyo, tena kwa kitu kidogo: jogoo, sahani ya wali, kipande cha sabuni. Mtani hupokea huku anasonya na kusema mmempunja, kitu kinarudi kwa wenyewe, basi. Hapo ndipo tulipoharibu. Kaka yangu mkubwa aliniona nazungumza na yule mzee kando ya maji, akadhani nakomboa. Kumbe nilikuwa naulizwa tu ni nani aliyenishonea kanzu mbaya namna ile. Mimi nilijua kaka ndiye msimamizi wa msiba na ndiye mwenye jogoo, nikadhani amekwishakomboa yeye. Jogoo mwenyewe alikuwa ameliwa mchana. Alasiri maji yalipojaa mashua ikaelea, mzee na vijana wake wawili wakatweka tanga, na sisi tukasimama ufukweni Kilwa Kisiwani tunampungia mikono na kucheka. Tulidhani atazunguka kidogo mbele ya kisiwa halafu arudi kula. Yalikuwa majira ya kaskazi, upepo ulikuwa unaelekea kwao. Hakurudi.

Magharibi kaka alinigeukia akaniuliza nilimpa nini yule mzee. Nikamuuliza yeye alimpa nini. Tukatazamana.

Kitu cha utani kikishapita siku hiyo bila kukombolewa, hakidaiwi tena. Wala huwezi kwenda polisi. Ungeanza wapi kumweleza askari kwamba mwizi alivaa kofia ya marehemu na nyinyi mlikuwa mnampungia? Kwa hiyo tulinyamaza. Kaka haikumsumbua sana. Yeye ana boti ya faiba yenye injini, na mashua ya baba alikuwa amepanga kuipasua, mbao zake apate kujengea banda la kuku. Ilikuwa mashua ndogo ya mvule, mataruma yake, zile mbavu za ndani, ya mikoko, imeundwa kabla mimi sijazaliwa, na ilikuwa inavuja kila mahali panapoweza kuvuja.

Mimi iliniuma. Sikuwa na sababu ya maana ya kuumia, kwa sababu niliacha bahari nikiwa kijana, nikaenda kujifunza kushona, na miaka yote hii nakaa Tingi na cherehani yangu, nashona sare za shule na kanzu za Idi. Hata hivyo nilitaka mashua ya baba iwepo pale ilipokuwepo siku zote. Nilipokwenda Kisiwani kumwona kaka, nilikuwa naangalia ule mti wa kufungia kamba, umesimama peke yake majini, na nilikuwa nakasirika upya. Tingi nako walipata habari, na Wamatumbi ni watu wa utani mpaka mifupani. Mtu analeta suruali kupunguza kiuno, anaikagua cherehani yangu, anauliza, "Fundi, hii umeshaikomboa au bado?"

Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja, kusi linakaribia kwisha, simu ililia nikiwa katikati ya kushona kola.

"We mla pweza," sauti ilisema, bila salamu. "Hii maiti ya baba yako imenichosha."

Nilimjua papo hapo. Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mjukuu wangu anaolewa," akaendelea. "Tunataka kuni. Nimeipapasa hii mashua yenu, imekauka vizuri, pilau itaiva. Lakini mimi mtu wa huruma. Ukiitaka, njoo uichukue. Uje peke yako, uondoke nayo peke yako, kwa tanga. Ukija na mtu au ukija na injini, naipasua mbele ya macho yako. Usipokuja, utaisikia harufu huko huko."

"Harusi lini, mzee?"

"Ukichelewa utajua ilikuwa lini," akasema, akakata.

Ubaya wa mtani ni kwamba hujui. Anaweza kusema ataichoma akiwa anatania, na anaweza kuichoma kweli halafu akasema alikuwa anatania, na katika yote mawili wewe hupaswi kununa. Nilimaliza ile kola kisha nikaivunja, kwa sababu nilikuwa nimeishona kinyume.

Kaka nilipompigia aliniambia niachane nayo. "Utakufa kwa ajili ya banda la kuku," alisema. Mke wangu, ambaye kwao ni bara na bahari anaiona kuwa shimo lililojazwa maji kwa makosa, hakubishana sana. Aliniuliza nikifa nani atamalizia sare za watu, maana shule zinakaribia kufunguliwa. Nilimwambia nitarudi. Akasema nimwachie vipimo vya kila mtoto, kwa tahadhari.

Nilikuwa sijashika usukani tangu ujana. Baharini nilikwenda na baba tangu nikiwa mdogo mpaka ndevu zilipoota, kwa hiyo mikono ilikuwa inajua kitu, lakini mikono ya fundi cherehani huzoea kukaa mezani. Niliogopa, na nilipanda basi Nangurukuru nikiwa naogopa. Kwenye begi nilikuwa na sindano za turubai, uzi mzito, na jaketi la kujiokolea nililoazima kwa jirani, ambalo zipu yake ilikuwa imekufa nikaishona mwenyewe usiku uliotangulia.

Rasbura nilimkuta mzee barazani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amekonda. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe, lakini alinigeukia kabla sijafungua mdomo.

"Hatua za mtu wa basi hizo," alisema. "Baba yako alizaa baharia, kikatoka kishona sketi."

Mashua ilikuwa imefungwa ufukweni, chini ya nyumba, inaelea. Kwa juu ilitia huruma: rangi imebanduka, mbao za ukingoni zimepasuka, na ndani, juu ya benchi la katikati, lilikuwa limewekwa shoka. Nilimuuliza shoka la nini. Akasema ni la kunikumbusha. Tanga lilikuwa bovu zaidi, panya walikuwa wamelitoboa, na mtu mwingine alikuwa amelishona kwa mkono kwa mishono mirefu ambayo ingefunguka kwa pepo mbili. Nikalitandaza barazani, nikaanza kazi. Niliziba matundu kwa viroba vya unga, nikavunja ile mishono yote na kuirudia mara mbili.

Mzee alikaa pembeni mchana kutwa ananitukana. Alisema nashona kwa woga. Alisema watu wa Kisiwani hatuna akili kwa sababu pweza hana mfupa, na mtu hufanana na anachokula. Mimi niliinamisha kichwa nikashona. Niliweza kumwambia kwamba wao ni wala ming'oko, mizizi ya porini, jambo ambalo kila mtu wa kwetu humwambia kila mtu wa kwao, na akasonya kwa kuchoka.

"Hilo aliniambia baba yako kabla hujazaliwa," alisema. "Huna jipya?"

Sikuwa nalo. Ndipo akaniambia habari ambayo sikuijua. Kila mwaka, mwisho wa kaskazi, baba alikuwa anakuja Rasbura na mashua ile, peke yake. Alikuwa anafika mbele ya nyumba na kuanza kutukana kabla hajashusha tanga, mpaka wanawake wanaingia ndani na watoto wanatoka nje. Alikaa wiki mbili tatu, wakitukanana asubuhi na kula pamoja mchana, mpaka upepo ugeuke na kusi limrudishe nyumbani.

"Alikuwa analeta biashara gani?" nilimuuliza.

"Hakuleta kitu. Alileta mdomo."

Sisi nyumbani alikuwa anatuambia anakwenda Lindi kununua misumari. Misumari aliileta kweli. Nyumbani kwetu kulikuwa na misumari ya kutosha kuundia meli, imeoza kwenye makopo, na hakuna aliyewahi kumuuliza inatosha lini. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, kwa sababu mama aliishi miaka yote ile akidhani kuna mwanamke Lindi.

Asubuhi nilijaza viroba vya mchanga, nikavipanga sakafuni mwa mashua iwe na uzito, nikatia maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha, tende, na simu ndani ya mifuko mitatu ya nailoni. Mzee alishuka mpaka kwenye maji akiwa ameshika bega la mjukuu wake. Nilimpongeza yule binti kwa harusi inayokuja.

"Harusi gani?" aliuliza. "Mimi nina watoto wawili."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameelekeza uso baharini.

"Ukizama," alisema, "zama mbali. Sitaki harufu yako hapa kwangu."

Nilijua napaswa kujibu. Hapo mtu hujibu, ndiyo adabu yenyewe. Nilisimama na kamba mkononi, nikatafuta neno, sikupata hata moja. Alingoja. Yale macho meupe yaliningoja kwa muda ambao ulinitia aibu, halafu akageuka taratibu.

"Baba yako angenijibu," alisema, si kwa ukali. Nikaona wazi kwamba kuni hazikuwahi kuwepo, na kwamba mzee yule alikuwa ameniita kutoka Tingi ili mtu wa kwetu aje amtukane, na mimi nilikuwa nimekaa kwake siku nzima nikishona. Niliondoka na umande, ule upepo wa asubuhi utokao bara, ukiwa unanisukuma kutoka ghubani, na nilimwona bado amesimama pale mpaka ufuko ulipojificha.

Safari ya kwenda kaskazini kwa kusi si ngumu kuieleza. Upepo unatoka upande wa kulia, nyuma kidogo, tanga linakaa kushoto, na likikaa hapo unaliacha hapo. Kitu ambacho mtu mmoja hakiwezi kwa urahisi ni kulihamisha, kwa sababu lazima ushushe foremali, ule mti mrefu unaobeba tanga, uupitishe upande wa pili wa mlingoti na kuupandisha tena, na wakati huo hakuna anayeshika usukani. Kwa hiyo mpango wangu wote ulikuwa kwamba upepo usibadilike. Ni mpango wa mtu anayemwomba Mungu kazi ambayo angeifanya mwenyewe kama angekuwa na akili.

Siku ya kwanza haukubadilika. Nilifika Mchinga jua lingali juu, nikatia nanga, nikala mihogo. Wavuvi walionipita na boti waliniuliza wenzangu wako wapi. Niliposema niko peke yangu walinitazama, wakaitazama mashua, wakaniachia samaki watatu bila kuombwa. Nililala ndani, chini ya tanga, na mgongo ulinikumbusha kwamba sina umri wa kulala juu ya viroba vya mchanga.

Siku ya pili nilitoka mbali na nchi kukwepa maji yanayovurugika mbele ya mto Mbwemkuru. Ukiwa huko nje pwani inakuwa mstari tu wa kijani hafifu, na mawimbi yanakuja kutoka mbali, marefu, bila haraka. Mashua ilipanda na kushuka vizuri. Nilianza kujiona. Nilifikiri nitakavyosimulia Tingi, hata nilikuwa nimefika mahali mteja wa suruali anapoomba radhi, ndipo mvua ikashuka kutoka bara.

Sikuiona ikija kwa sababu nilikuwa natazama mbele. Nchi ilifutika. Kusi likakatika ghafla, ukawa kimya kifupi, halafu upepo ukapiga kutoka kushoto, kutoka bara, na tanga lote likabamizwa kwenye mlingoti. Mashua ikasimama, ikalala upande ambao haikupaswa kulala, na maji yakaingia ukingoni, mengi, ya uvuguvugu. Niliacha usukani nikakimbilia kamba ya foremali, nikaifungua. Kamba ilinichuna viganja, foremali ikaanguka nusu ndani, nusu baharini, na tanga likajaa maji.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilijitapikia palepale. Nilitamka shahada, kwa sauti, kisha nikaanza kukumba maji kwa kopo kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Mvua ilinyesha, mashua ilibingirika, foremali iligonga ubavu kila wimbi lilipopita, na mimi nilikumba, nikakumba, na maji yalikuwa palepale.

Mvua ilipopita kusi lilirudi, dogo kwanza. Sasa ilibidi nilitoe tanga majini na kupandisha foremali peke yangu. Watu wawili huifanya kazi hiyo huku wanazungumza habari za mpira. Nilivuta, ikapanda kidogo, nikateleza, ikashuka. Nikavuta tena. Mara ya tatu au ya nne nilianza kutukana. Niliitukana mashua, nikaitukana ile mvua. Nilimtukana kaka yangu na banda lake la kuku. Kisha nikamgeukia mzee wa Rasbura, na hapo, sijui kwa nini, maneno yalikuja yenyewe. Nilimwambia macho yake yameota ukungu kwa kuchungulia vyungu vya watu. Nilimwambia malaika wa mauti amefika kwake mara mbili akaondoka, mara ya kwanza kwa harufu, mara ya pili kwa maneno. Kila tusi lilipanda na mvuto mmoja wa kamba, na foremali ikapanda nalo, mpaka juu. Nilifunga kamba, nikarudi kwenye usukani, tanga likashika, mashua ikaondoka.

Nilikuwa nacheka. Mtu mzima, peke yake, katikati ya bahari, ananuka matapishi yake, anacheka. Na nilipojisikia nacheka nikamkumbuka baba. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nalala mbele, omoni, na yeye amekaa nyuma na usukani, na alikuwa ananong'ona peke yake. Ananong'ona, anatikisa kichwa, ananong'ona tena kwa namna nyingine, halafu anacheka. Mama alisema bahari imemchukua akili. Sisi watoto tuliamini, na tulikuwa tunamwigiza. Sasa nilijua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaandaa maneno ya Lindi. Mwaka mzima, akivua, akitengeneza nyavu, akisafirisha mihogo ya watu kwenda Kilwa Masoko, alikuwa anajaribu matusi ya kumpelekea rafiki yake, anayachagua, anayatupa yaliyo mabovu. Nilimpenda sana baba wakati ule, pengine kuliko nilivyompenda akiwa hai. Nilitamani kumwambia, na hakuwepo wa kuambiwa.

Baadaye niliona kwamba maji ndani hayaongezeki. Mashua ile niliyoijua mimi ilikuwa inavuja hata ikiwa imetulia, na sasa ilikuwa imepigwa na dhoruba na chini ilianza kukauka. Niliinua ubao wa sakafuni nikatazama. Karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, palikuwa na ubao mpya, na viungo vyote kushoto na kulia vilikuwa vimetiwa pamba mpya na kupakwa mafuta ya papa, bado yananuka. Pamba ilikuwa imejazwa mno mahali pengine, na mahali pengine imepigwa nyundo mara mbili juu ya ileile. Kazi ya mishono naijua. Ile ilikuwa ya mtu anayetafuta kiungo kwa kidole, anaweka, anapapasa tena kuhakikisha, hana uhakika, anaongeza. Ubao labda waliutia vijana wake, lakini ile pamba aliitia mwenyewe, akiwa haoni. Nilirudisha ubao mahali pake nikashika usukani.

Kutoka pale mpaka Kiswere, na kesho yake kutoka Kiswere kwenda juu, nilikuwa na kazi moja tu. Nilitunga. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikifika nitampigia simu, na nitampa yale aliyoyangoja ufukweni. Nilitupa yaliyo mabovu. Lile la malaika wa mauti nililipenda lakini lilikuwa refu. Nilipopita nje ya Songo Mnara nilikuwa nimebakiwa na moja, na nilikuwa nalisema kwa sauti, nikipima kwamba pumzi ikatike wapi.

Niliingia Kisiwani mchana, maji yakiwa yamejaa. Watoto waliiona mashua kabla ya wakubwa, wakakimbia pembezoni mwa maji wakipiga kelele. Kaka alitoka nyumbani na simu ameinyanyua, anapiga picha, kisha akaacha kupiga. Aliingia majini na nguo zake, akapokea kamba bila kuambiwa, akaifunga kwenye ule mti. Alipitisha mkono ukingoni, pale baba alipokuwa anashika.

"Umeileta kweli," alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Hakutaja banda la kuku, siku ile wala baadaye.

Nilifungua mifuko yangu ya nailoni, nikampigia mzee nikiwa bado nimesimama majini. Alipokea yule binti. Nilimwambia nimefika salama. Alimshukuru Mungu, lakini kwa haraka, halafu akateremsha sauti. Alisema tangu nilipoondoka babu hajala, amelala ndani, walitaka kumpeleka hospitali amekataa. Kazi yake ni kuuliza tu kama simu imelia. Akasema ngoja nimwekee sikioni.

Nilisikia pumzi kwanza.

"Umefika, mwanangu?" aliuliza.

"Nimefika, mzee."

"Na chombo?"

"Kimefika. Hakikuvuja."

"Alhamdulillahi," alisema. "Pole na bahari, mwanangu. Pumzika."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Hakuwa amewahi kunipa pole wala kuniambia nipumzike, hakuwa amewahi kuniambia neno moja zuri, na sasa alinipa yote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba, akiwa amechoka. Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa kwenye mvua. Mtani anapokuacha na adabu namna ile anakuwa anafunga mizigo.

Sikufikiri zaidi. Nilivuta pumzi nikampa lile moja, kwa sauti kubwa, kama baba alivyokuwa akitoa yake kabla ya kushusha tanga.

"We mzee! Njiani nimepita kaburi lako, liko wazi, linapiga miayo, limechoka kukungoja! Hata kufa unafanya uvivu?"

Watoto waliacha kukimbia. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo walinigeukia. Kaka alinitazama kwa mshangao, maana hakujua nazungumza na nani. Nilibana ile simu sikioni kwa mikono miwili, namngoja anisonye, anitukane, aniambie mimi ni kishona sketi.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Kisha akamrudishia mjukuu wake simu. Mimi nikalia palepale, maji yakiwa magotini, na sikujali nani ananiona.